Jinsi ya kuimba opera ya Kicheki kwa lugha yake: mwongozo kwa waimbaji wa Dar es Salaam

Mwimbaji wa Dar es Salaam anayeamua kuimba opera ya Kicheki kwa Kicheki chenyewe huambiwa mapema kwamba amejitwika mzigo usiobebeka. Nimewafundisha wanakwaya wa jijini nyimbo za aina hii, wengi wao wakiwa wamelelewa na kwaya za makanisani, na ninaamini kwa dhati kwamba Mswahili huanza safari hiyo akiwa na akiba kubwa kuliko anavyodhani. Konsonanti zilizorundikana ndizo humtisha, lakini kinachomwangusha ni mazoea yake ya mkazo, ambayo hata hajui kwamba anayo.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitafsiri. Tafsiri zimefanya kazi kubwa: Jenůfa, opera ya mtunzi Mcheki Leoš Janáček iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Brno mwaka 1904, ilifika Vienna mwaka 1918 ikiimbwa kwa Kijerumani cha Max Brod, na kuanzia hapo ikaenea. Hata hivyo, Janáček alikuwa na desturi ya kuandika kwa noti namna watu wa kawaida walivyopandisha na kushusha sauti walipozungumza, na uimbaji wake umefuata mwendo huo. Ukibadilisha lugha, muziki unabaki kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kwa soprano, anza na wimbo wa mwezi kutoka Rusalka ya Antonín Dvořák, opera iliyoonyeshwa kwanza Prague mwaka 1901 kwa maneno ya Jaroslav Kvapil. Wimbo huo huanza na maneno Měsíčku na nebi hlubokém, yaani kuuita mwezi, kwa jina la kuubembeleza, ulioko katika mbingu zenye kina. Hakikisha nakala yako ina maneno ya Kicheki, kwa kuwa baadhi ya nakala za zamani zina Kijerumani, na kiangalie kwa makini kila kivuli unachotoa steshenari. Vialama vilivyo juu ya herufi hufifia kwenye fotokopi, na mtu anayeyachapa maneno upya kwenye simu huviacha kabisa, ilhali kialama kimoja hugeuza maana: byt ni makazi, být ni kuwa.

Sasa tuitazame akiba yetu. Irabu za Kicheki ni zetu zilezile tano, fupi na ndefu, na y husomwa kama i. Herufi č ni ch ya chai, š ni sh, ň ni ny, j ni y, c ni ts, na ch ni kh ya kheri kwa wanaoitamka kama Waarabu. Kuhusu silabi isiyo na irabu, kama ile ya vlk, yaani mbwa mwitu, sisi hatuna sababu ya kushangaa. Kila Jumapili kwaya zetu huimba Mtakatifu, na M ya mwanzo hupewa noti yake bila mtu yeyote kuona ajabu. Fanya hivyohivyo kwa r na l. Neno stříbrný, lenye maana ya “wa fedha”, lina silabi tatu, stří-br-ný, na ile r ya katikati hubeba noti yake. Kosa letu ni kuchomeka irabu ndogo ili ulimi upumzike, tukapata “sitiribirini”. Liimbe neno hilo polepole mbele ya kioo, na mdomo usifunguke mahali ambapo hakuna irabu.

Herufi ř inahitaji subira. Weka kidole kooni, tamka s kisha z, usikie mtetemo unavyoingia. Tamka sh, kisha uitie mtetemo uleule. Hiyo ni ž. Halafu tetemesha ncha ya ulimi kama kwa r huku ž ikiendelea kutoka, zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukizitanguliza moja baada ya nyingine unapata herufi mbili na Mcheki atasikia mara moja. Dakika tano kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Nimesema mkazo ndio adui, na neno la kwanza la wimbo linaonyesha sababu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kicheki hukazia ya kwanza, na urefu wa irabu hauhusiani na mkazo. Katika Měsíčku silabi ya kati ni ndefu na tena ndiyo ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unavutwa huko na kamba mbili. Sharti useme MNYE-sii-chku: mkazo kwenye fupi, urefu kwenye isiyo na mkazo. Kisha na nebi husemwa kama neno moja, mkazo ukiwa kwenye na. Zima kinanda, tembea chumbani ukisoma maneno kwa sauti, na ukanyage kwa nguvu kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Mimi siruhusu mtu kuimba hata noti moja kabla hatua zake hazijakubaliana na maneno.

Wasikilizaji nao wanahitaji tafsiri ya Kiswahili ukutani kwa projekta, mistari mifupi miwili kwa wakati mmoja. Rusalka mwenyewe mwite binti wa maji. Kwa baba yake, Vodník, ninapendelea chunusi, kwani Wacheki nao husimulia kwamba Vodník huwazamisha watu na kuzifunika roho zao vikombeni. Siku ya mazoezi ya mwisho zima feni, mweke mtu nyuma kabisa ya ukumbi akiwa na maneno mkononi, naye apige mstari chini ya kila konsonanti ya mwisho wa neno ambayo haikumfikia.