Nyasi za Uani Hutayarishwa Machi, Kaskazi Ikiwa Mkiani

Hapa Mombasa, kila ikifika Septemba au Oktoba hakosi mtu wa kunipigia simu kuniuliza kama ndio wakati wa kutayarisha nyasi za nyumbani. Amesoma kwamba huu ndio msimu wenyewe: piga reki, toboa udongo, mwaga mbegu, tia mbolea ya mwisho, kisha ungoje majira ya kuchipua. Ushauri huo si wa uongo, ila una wenyewe. Uingereza na kaskazini mwa Marekani hupandwa nyasi za baridi. Septemba hewa ya huko imeshapoa lakini udongo bado una joto, kwa hivyo mizizi hujijenga kabla ya theluji, na akiba hiyo ndiyo inayoonekana majani yakianza kuchomoza mwezi wa Machi na Aprili.

Mombasa nyasi nazo hulala, lakini hulazwa na jua. Upepo wa kaskazi ukishika kuanzia Disemba, mvua hupungua. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Halafu upepo hugeuka, kusi inaingia, na masika humwaga kuanzia mwisho wa Machi au Aprili, Mei ikiongoza kwa mvua. Basi kazi wanayoifanya wenzetu Septemba, sisi huifanya Machi. Vuli ya Oktoba na Novemba inafaa kuzibia mapengo tu, kwa sababu nyasi changa zikipandwa wakati huo hukutana na kaskazi kabla hazijashika mizizi.

Februari moja niliitwa na mama mmoja wa Bamburi. Uwanja wake ulikuwa na rangi ya mkeka mkuukuu, na alikuwa ameshaita fundi wa kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza uani.

"Mwanangu, majani yashakufa haya. Naona niweke kabro nipumzike."

Nilichuchumaa, nikang'oa utambaazi mmoja wa ukoka, yaani shina linalotambaa juu ya udongo, nikaukwaruza kwa ukucha kwenye pingili. Ndani palikuwa peupe, na ukucha ukalowa.

"Hayajafa, mama. Yamelala."

Fanya vivyo hivyo kwako kabla hujatumia hata shilingi. Kwaruza pingili kumi za sehemu mbalimbali. Penye weupe au ukijani wenye maji pana uhai. Pakiwa na rangi ya kahawia na utambaazi unakatika kama njiti ya kiberiti, hapo pa kupandwa upya.

Kuna wanaopigana na kiangazi kwa maji. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ukitaka ubaki kijani, uhesabu milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 2,500, ambazo ni mitungi 125 ya lita 20. Anayenunua maji ya mkokoteni ajipigie hesabu mwenyewe. Mimi husema yaache yalale, uyape kinywaji kidogo kila wiki mbili au tatu ili pingili zisikauke kabisa, jioni jua likishalegea. Usiyakate chini wakati huo. Majani marefu huutilia udongo kivuli.

Machi ikiingia, kazi ya kwanza ni reki. Chini ya majani utakuta tabaka la mashina makavu yaliyoshikana kama godoro la sufi; mvua za mwanzo huishia humo bila kufika kwenye udongo. Shusha urefu kwa awamu mbili au tatu, kila mara usikate zaidi ya theluthi moja, kisha piga reki kwa nguvu hadi uone udongo. Uwanja utaonekana umenyonyoka, na majirani watakucheka.

Kisha chukua jembe uma, lididimize kiasi cha sentimita 10, litikise, lichomoe, sogea hatua moja. Usipindue udongo. Sana sana shughulikia njia ya kutoka getini hadi mlangoni na pale gari linapogeuzia. Kwenye nyumba mpya jembe litagonga vipande vya saruji na mawe ya matumbawe yaliyofukiwa na mafundi. Vitoe, kwa sababu hakuna mbolea itakayosaidia nyasi zilizokalia kifusi.

Udongo wetu wa kisiwani na wa Nyali hadi Bamburi umetokana na matumbawe, kwa hivyo una chokaa nyingi. Chukua kijiko cha udongo mkavu, utone siki. Ukitoa povu, umepata jibu. Kwenye udongo kama huo nyasi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo: majani machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenye nyumba hudhani ni kiu akazidi kumwagilia. Ndiyo maana mbolea ya CAN, ambayo yenyewe imechanganywa na chokaa, si chaguo langu hapa. Ulizia SA, yaani salfeti ya amonia, ambayo huupunguzia udongo ukali wa chokaa pale ilipo mizizi. Kilo moja inatosha mita 10 kwa 10 kwa mara moja. Ingoje mvua ziloweshe udongo kwanza, imwage majani yakiwa makavu, kisha mwagilia ishuke. Usiitie udongo ukiwa mkavu, itaunguza. Wala usiitie Mei mvua ikipiga mfululizo, itaishia baharini.

Juu ya mashimo na mabonde mwaga mchanganyiko wa mboji na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, unene wa nusu sentimita. Kwa mita 10 kwa 10 ni kama toroli nane. Mimi niliwahi kuingia tamaa nikanunua mchanga wa bei rahisi bila kuuliza ulikotoka. Ulikuwa wa ufuoni, bado una vipande vya kombe. Chumvi ilizichoma nyasi kwa mabaka, na nilingoja masika nzima iisafishe. Samadi nayo iwe imeoza ikawa nyeusi na haina harufu. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza, na ya ng'ombe isiyooza huleta mbegu za magugu ambayo hukuwa nayo.

Tukitaja magugu, ndago ndiye adui wa kweli. Ukimvuta kwa mkono anakatika shingoni, na wiki ya pili amerudi na wenzake. Chimba kwa kisu chembamba ufuate uzi wake chini. Utakuta vifundo vyeusi vimepangana kama shanga, na kila kifundo ni mmea unaongoja mvua. Vianike kwenye saruji vikauke kabisa, usivitupe kwenye shimo la mboji. Ni kazi ya kukaa kwenye kigoda, jioni baada ya jioni, na Machi ni rahisi kidogo kwa sababu yeye mara nyingi hubaki kijani wakati nyasi zimekauka, huwezi kumkosa.

Palipokufa, panda pingili. Ukoka hupenda jua na huvumilia kukanyagwa. Chini ya mwembe au mwarobaini hautashika, weka nyasi za Pemba, zile za majani mapana. Ukitegemea kisima cha chumvi, tafuta paspalamu, nyasi zinazovumilia chumvi. Wanaohamia kutoka Nairobi huja na magunia ya nyasi za Kikuyu kwa sababu ndizo wanazozijua; zile ni za nyanda za juu, na huku joto hufanya ziwe za kubembelezwa mwaka mzima. Kata vipande vyenye pingili tatu au nne, vilaze kwenye mifereji yenye nafasi ya sentimita 15 hadi 20, funika pingili mbili, acha ncha nje, kanyaga. Ukipanda siku chache kabla ya masika, mbingu itakumwagilia. Mvua ikichelewa, itakubidi umwagilie kila siku kwa wiki mbili za kwanza.

Mvua zikishika, tembea uwanjani asubuhi. Ukiona majani yameliwa ncha na ndege wanadonoa sehemu moja kila siku, shuku viwavi. Koroga vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 10, mwaga polepole kwenye mita moja ya mraba, ungoje dakika chache. Kama wapo watapanda juu wenyewe. Wakiwa wawili watatu waachie ndege. Wakiwa wengi, chukua wachache kwenye chupa uende nao kwa afisa wa ugani kabla ya kununua dawa yoyote.

Pingili mpya usizikate hadi zishikane na ukizivuta zigome, kwa kawaida ni baada ya wiki sita au nane. Siku hiyo noa kwanza fyekeo. Likiwa butu huchana badala ya kukata, na kesho yake uwanja wote utakuwa na ncha nyeupe.