Jinsi ya kuanza kazi ya ubunifu wa mavazi ya filamu nchini Uganda

Anayetaka kazi hii asianze na cherehani; aanze na muswada. Mara ya kwanza usome kama hadithi tu. Mara ya pili ukae na daftari, uigawe hadithi kwa siku zake, kwa kuwa onyesho la 4 na la 31 yanaweza kuwa ya asubuhi ile ile, na mhusika hana budi kuonekana na shati lile lile hata kama maonyesho hayo yatapigwa wiki mbalimbali. Kwa kila mhusika andika siku, onyesho, vazi lote hadi viatu, kisha litakalolipata vazi hilo: mvua, tope, damu au kisu.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua pa kununua. Soko la Owino jijini Kampala lina mitumba ya kila aina kwa bei nafuu, lakini mtumba hauna pacha. Niliwahi kununua shati moja la miraba kwa ajili ya mhusika anayepigwa risasi. Mwongozaji akataka onyesho lirudiwe, nami nikabaki nafua damu ya bandia kwenye beseni huku watu wote wakiningoja. Tangu siku hiyo, nguo yoyote itakayoharibiwa mbele ya kamera naitafutia kitambaa Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa jijini Kampala, na kumpa fundi ashone tatu zinazofanana. Zikiisha kushonwa hufuliwa mara kadhaa, kola husuguliwa kwa msasa, na nyeupe huloekwa kwenye maji ya chai, maana weupe unaong'aa huisumbua kamera. Milia myembamba iliyobanana iepuke kabisa, kwani kwenye picha huchezacheza.

Hadithi za zamani zinahitaji uangalifu zaidi. Gomesi, gauni refu la wanawake wa Buganda ambalo wengine huliita busuuti, lilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Ukimvika mwanamke wa zama za Kabaka Muteesa I, mfalme wa Buganda aliyefariki mwaka 1884, watazamaji wa Buganda watakucheka, na watakuwa na haki. Hapo panafaa lubugo, kitambaa kinachopondwa kutokana na gome la mti wa mutuba, au vitambaa vya kaniki na marekani vilivyoletwa na wafanyabiashara wa pwani.

Wakati wa kupiga picha, kazi kubwa ni kumbukumbu. Kabla mwigizaji hajavua, mpige picha mbele, nyuma na ubavuni. Vifungo viwili vya gomesi hukaa upande wa kushoto wa shingo na havikupi shida. Shida ni fundo la mshipi wa kiunoni, ambalo mwigizaji hulifungua akila chakula cha mchana na kulifunga upya apendavyo.

Kuingia kazini, omba kwanza usaidizi wa kupiga pasi na kutunza stakabadhi za manunuzi. Ukiitwa kwenye usaili, chukua michoro yako, lakini usiache lile daftari la siku na maonyesho. Mimi nikiajiri msaidizi, hilo ndilo ninaloliomba kwanza.