Kutafuta namba isiyojulikana kwa jozi za vigawo

Tuchukue swali hili: bustani ya mstatili ina eneo la mita za mraba 180, na urefu wake unazidi upana kwa mita 3. Upana ni mita ngapi? Nimewahi kushika daftari la mwanafunzi aliyejaribu 10 × 13, akafuta, akajaribu 11 × 14, akafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Na kwa kuwa alifuta kila alichojaribu, hakuona kwamba alikuwa amebakiza jaribio moja tu.

Hatua ya kwanza ni kutambua kwamba, ikiwa upana na urefu ni namba nzima, basi ni namba mbili zinazozidishwa kupata 180, yaani ni jozi ya vigawo vya 180.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito, ni kuziandika jozi zote kwa mpangilio kuanzia 1, bila kuruka: 1 × 180, 2 × 90, 3 × 60, 4 × 45, 5 × 36, 6 × 30, 9 × 20, 10 × 18, 12 × 15. Namba 7, 8, 11 na 13 zimeachwa kwa sababu haziigawi 180 bila baki.

Hatua ya tatu, andika tofauti ya kila jozi: 179, 88, 57, 41, 31, 24, 11, 8, 3. Jozi ya mwisho ndiyo tunayoitaka, hivyo upana ni mita 12. Angalia pia jinsi tofauti zinavyopungua kadiri vigawo vinavyokaribiana. Ukipewa tofauti ndogo, anza kutazama mwisho wa orodha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwa nini orodha inaishia hapo?

Kwa sababu vigawo vyote viwili vikizidi 13, zao lao haliwezi kuwa chini ya 14 × 14, ambalo ni 196. Kwa hiyo kila jozi lazima iwe na kigawo kisichozidi 13, na hivyo vyote tumeshavipima.

Je, kama tofauti ingekuwa 4?

Katika orodha hakuna tofauti ya 4, kwa hiyo hakuna namba nzima inayofaa. Hili ni jibu kamili, na mtu anayebahatisha hawezi kulitoa kwa uhakika, kwa kuwa hajui kama amemaliza kujaribu. Upana ungekuwa kati ya 11 na 12, kwani 11 × 15 ni 165 na 12 × 16 ni 192.

Na kama kuna baki? Mwanangu ameulizwa: namba gani kati ya 20 na 30 ikiigawa 100 hubaki 4?

Ondoa baki kwanza: 100 − 4 = 96. Namba hiyo ni kigawo cha 96, na lazima izidi 4, maana baki huwa dogo kuliko kigawanyo. Jozi ni 1 × 96, 2 × 48, 3 × 32, 4 × 24, 6 × 16 na 8 × 12. Kati ya 20 na 30 imo 24 peke yake.