Pima kimo cha mzigo (urefu wa kutoka chini kwenda juu) ukishafungwa minyororo, si kabla

Nimejifunza hili tukitoa ekskaveta (mashine ya kuchimba) bandarini: usitegemee kimo kilichoandikwa kwenye karatasi za mtambo. Pima mwenyewe, mashine ikiwa tayari juu ya lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), imefungwa minyororo na mkono wake umelazwa kama utakavyosafiri. Simamisha gari mahali tambarare, weka ubao ulionyooka juu ya sehemu iliyo juu kabisa (kwenye ekskaveta mara nyingi ni kiwiko cha mkono, si paa la kibanda), usawazishe kwa pimamaji, kisha shusha futi kamba kutoka ncha ya ubao hadi chini. Andika namba hiyo uibandike mbele ya dereva. Karatasi hazijui jinsi mkono ulivyolazwa, wala kimo cha trela lako, wala magurudumu na springi zilivyobonyea kwa uzito. Sentimita chache tu zinatosha kung'oa nyaya zinazopita juu ya barabara.

Kipimo hiki hakitoshi unapopita chini ya daraja mahali barabara imebonyea kama bonde. Trela refu hulivuka bonde kama ubao, magurudumu ya mbele na nyuma yakiwa juu, kwa hiyo mzigo wa katikati unakaribia daraja kuliko ulivyopima. Kibao kinachoonyesha kimo cha daraja nacho chaweza kudanganya kama lami imeongezwa baadaye. Hapo shuka, upime daraja lenyewe. Trela lenye springi za upepo lipimwe upya kila kimo kinaporekebishwa.