Taa za volti 12 kwenye kibanda cha kuvulia juu ya barafu

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tunajua taa kwa kazi moja: kuwaita dagaa. Hapa Minnesota, Marekani, ondoa wazo hilo kichwani kabla hujanunua chochote. Sheria ya jimbo inakataza kuvutia samaki kwa taa. Kinachoruhusiwa ni chambo chenye taa yake, chenye ndoana, kilichofungwa kwenye mshipi. Taa ya kibandani ni ya kukuonyesha mikono yako unapofunga fundo, unapomng'oa samaki kwenye ndoana na unapopita karibu na tundu la kuvulia kwenye barafu. Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na samaki aitwaye walleye huchangamka kuanzia giza linapoingia, kwa hiyo utaihitaji.

Kwa kazi hiyo mwanga mdogo unatosha. Kibanda changu ni cha mbao, futi 6 kwa 8, nami natumia mita mbili za mkanda wa LED unaokula wati 5 hivi kwa kila mita. Jumla wati 10; gawanya kwa volti 12, unapata ampea 0.8 na ushei. Ukivua kwa muda wa saa kumi, umetumia takriban ampea-saa 8. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ampea-saa 12 itakufikisha asubuhi. Ukipenda ile ya asidi kwa sababu ya bei, chukua ya ampea-saa 35: baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huila karibu nusu ya nguvu yake, na hiyo nusu inayobaki hupaswi kuikamua yote. Ya lithiamu nayo ina mwiko wake: usiichaji ikiwa chini ya sifuri, itaharibika ndani kwa ndani. Irudishe nyumbani, iache ipate joto, ndipo uiweke kwenye chaja. Kule ziwani iweke juu ya ubao, isilale kwenye barafu.

Sasa fyuzi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya mwekundu, umbali usiozidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Watu wengi huiweka juu karibu na swichi kwa sababu ni rahisi kuifikia. Lakini waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi. Ukichunika na kugusana na ule mweusi, betri itamwaga nguvu yake yote hapo hapo, nawe umo ndani ya chumba cha mbao chenye sponji ukutani, hita ya gesi miguuni na mlango mmoja tu.

Nunua waya wenye ganda la silikoni, unene wa milimita za mraba 1.5 (hapa wanauita geji 16). Ganda la plastiki la kawaida hukauka kwenye baridi kama kijiti na kupasuka kwenye kona. Upitishe kwenye pembe ya dari, uubane kwa klipu, mbali na hita.

Mkanda ubandike ukiwa gereji kwenye joto, maana gundi haishiki ubao wa baridi. Futa ubao kwa spiriti, acha ukauke, bandika, kisha ongeza klipu kwa sababu gundi peke yake itaachia. Kata kwenye alama ya mkasi tu. Usiuweke juu ya tundu, utaona mng'ao wa maji badala ya mshipi. Wala nyuma yako, kichwa chako kitatia kivuli. Mimi nimeuweka kwenye kuta mbili za pembeni, juu kidogo ya macho, mwanga wa manjano, na swichi ya kupunguza mwanga.

Adui mwingine ni maji. Gesi ikiungua hutoa mvuke, na pumzi zenu pia. Vyote hupanda darini na kudondoka. Chagua mkanda uliofunikwa kwa silikoni. Kabla waya haujaingia kwenye swichi, ulegeze ushuke chini kidogo ndipo upande, ili matone yadondokee hapo. Viungo vya waya vibane kwa koleo la kubania viungo, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayoweza kutoka kwenye hita, usiiunganishe kwenye waya hizi za taa. Iache na betri zake, ibaki macho hata taa zikizimika.

Ukimaliza, washa nusu saa kisha gusa kila kiungo kwa kidole. Kilicho cha moto hakijabanwa vizuri, kikate ukibane upya. Halafu kikokote kibanda uani ukiwa umewasha taa, kwa sababu njia ya kwenda ziwani ina mitikisiko. Taa ikipepesa, tafuta kiungo kilicholegea kabla ya safari. Fyuzi mbili za akiba zibandike kwa solotepu juu ya betri.