Kabla ya Bastola ya Dubu, Angalia Makaratasi Yako

Aliyepanda Mlima Meru anamkumbuka askari wa hifadhi aliyetangulia na bunduki begani kwa sababu ya nyati. Ukihamia Montana, Wyoming au Alaska ukapenda milima ya huko, hakuna askari wa kukutangulia. Ndiyo maana swali la bastola ya kubeba kwa kumhofia dubu huja mapema, hasa ukiwaona wenyeji wanatembea nazo. Naomba swali hilo lisubiri kidogo, ndugu yangu, kwa sababu bastola inaweza kumharibia mhamiaji maisha kabla hata dubu hajaonekana.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi wa F-1, mfanyakazi wa H-1B au mtalii, kuwa na silaha au hata risasi. Asiye na makaratasi naye hali ni hiyo hiyo. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiuegemee kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, na kosa la silaha linatosha kukufukuzisha nchini. Vijana wetu wengi hawajui kwamba kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha, hata kwa saa moja, nako ni kuwa na silaha, kisha wanapiga picha na kuzitupia mtandaoni. Tafadhali, usifanye hivyo. Na usimwombe rafiki mwenye uraia akununulie: mtaingia hatiani wote wawili.

Mwenye Green Card, iwe aliipata kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa, anaruhusiwa. Ili kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni awe na miaka 21, ajaze fomu namba 4473 na kuchunguzwa rekodi zake. Aijaze kwa ukweli mtupu, maana uongo kwenye fomu hiyo ni kesi peke yake.

Wa Kanada wao hawana la kuchagua. Uuzaji wa bastola kwa watu binafsi ulisimamishwa Oktoba 2022. Anayesafiri kwa gari kutoka Montana kwenda Alaska akumbuke kwamba njia inapita Kanada, na bastola haivuki mpaka huo kwa sababu ya dubu.

Sasa tumzungumzie dubu mwenyewe. Anaweza kukimbia kilomita 56 kwa saa. Akitoka kichakani mita 30 mbele yako, una sekunde mbili hivi. Ndani ya sekunde hizo utoe silaha, ulenge kichwa kinachoruka juu na chini, na mikono inatetemeka. Kwa hiyo mimi naweka mbele dawa ya kupulizia, ile kopo la pilipili kali linalorusha wingu mita saba hadi tisa. Haidai shabaha kamili. Mtafiti wa dubu Tom Smith na wenzake walichambua matukio ya Alaska ya 1985 hadi 2006: dawa iliwazuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na kati ya watu 175 waliohusika waliumia watatu tu, tena kidogo. Walipochambua matukio 269 ya silaha za moto, hawakuona kwamba waliofyatua waliumia kidogo kuliko wasiofyatua. Kopo likae kiunoni au kifuani; ndani ya begi halikusaidii. Lenga chini kidogo mbele ya dubu ili akimbilie ndani ya wingu.

Ukiwa unaruhusiwa kisheria na bado unataka bastola iwe kinga ya pili, chagua ile unayoweza kuipiga vizuri, kwa haraka. Wengi Alaska hubeba rivolva ya .44 Magnum. Ina nguvu kubwa, lakini risasi ni sita au chini ya hapo, na inarudi nyuma kwa kishindo kinachomfanya asiyeizoea akose shabaha ya pili. Bastola ya magazini ya milimita 10, kama Glock 20, inabeba risasi 15 na ni rahisi zaidi kuidhibiti. Kwa mtu anayeanza, mimi ningechagua hiyo. Risasi ziwe zile ngumu za kupenya kwa kina, si zile za kutanuka zinazouzwa kwa kujilinda mjini, maana dubu ana misuli minene na mfupa mzito. Ala yake ivaliwe kifuani, kwa kuwa mkanda wa begi huziba kiuno. Na ufanye mazoezi mara kwa mara. Usiinunue Ijumaa ukapanda mlima Jumamosi.

Tangu Februari 2010, kubeba silaha ndani ya hifadhi za taifa za Marekani kunafuata sheria ya jimbo husika, lakini huingii nayo kwenye majengo ya serikali, na kuifyatua kunabaki marufuku. Dubu grizzly, yaani dubu wa kahawia, wa majimbo ya Marekani yaliyo kusini mwa Kanada analindwa kisheria tangu 1975. Ukimuua, hata kwa kujiokoa, lazima utoe taarifa na uchunguzwe. Yellowstone inakutaka ukae mita 91 mbali na dubu na mita 23 mbali na nyati wa huko, ambao ndio wanaojeruhi wageni wengi kuliko mnyama mwingine yeyote hifadhini humo.

La mwisho ni uwanja wa ndege. Bastola inasafiri kwenye mzigo wa chini ikiwa haina risasi ndani, imefungiwa kwenye sanduku gumu la kufuli na umeitangaza kaunta. Dawa ya dubu haipandi ndege kabisa, si mkononi wala mzigoni. Inunue ukishafika, kwenye miji ya Montana kama Bozeman au Kalispell, na ukiondoka umwachie anayeingia mlimani kesho.