Mlisho ukigoma kufunguka, tafuta alama ya &
Jana mlisho wa RSS wa blogu yangu (faili linalowapelekea wasomaji makala mpya) ulitoa kosa tupu kwenye kivinjari cha Firefox. Usikimbilie mipangilio: soma namba ya mstari kwenye ujumbe wa kosa, kisha andika view-source: mwanzoni mwa anwani na uende mstari huo. Mimi nilikuta "Wali & maharage" kwenye kichwa cha habari. XML, lugha inayotumika kuandika mlisho, haikubali & ikiwa peke yake; andika &amp; au "na" tu, yaishe. Kosa likiwa mistari ya juu kabisa, angalia kama kuna nafasi tupu kabla ya <?xml. Ukiona msitu wa msimbo (code) bila kosa lolote, mbinu hii haina kazi: Firefox iliacha kupamba milisho tangu toleo la 64, Desemba 2018. Fungua kwa programu ya kusomea milisho.